Mimba si maradhi, lakini wewe ni mgonjwa

Swali: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Likoni, na hii ni mimba yangu ya kwanza baada ya kuitafuta miaka minne. Sasa ni wiki ya 14. Tangu wiki ya 6 natapika mchana na usiku, mara kumi hadi kumi na tano kwa siku, hata maji hayakai. Nilikuwa na kilo 61, sasa nina 55. Nimelazwa mara mbili nikatiwa dripu. Nikirudi nyumbani, siku ya tatu hali ni ile ile. Nafanya kazi ofisini, kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na kila asubuhi feri inanimaliza. Mume wangu yuko Qatar kikazi. Nakaa na mavyaa, naye huniambia mimba si maradhi, yeye alizaa saba na alikuwa akiteka maji hadi siku ya uchungu. Usiku nalia. Siku nyengine nawaza bora mimba itoke nipumzike, kisha naogopa Mungu ataniadhibu kwa kukufuru neema. Mtoto wangu atakuwa salama? Na mimi nimekuwa mtu gani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara macho yangu yamesimama kwenye namba zile mbili, 61 na 55. Nitaanzia hapo, kabla ya mavyaa na kabla ya machozi, kwa sababu zile kilo sita ndizo zinazojibu swali lako la mwisho. Umeuliza umekuwa mtu gani. Umekuwa mgonjwa.

Kichefuchefu cha mimba changa tunakijua sote. Mwanamke anaamka, harufu ya kitunguu inamgeuza tumbo, anatapika mara moja au mbili, anatafuna kipande cha mkate mkavu, siku inaendelea. Wengi hupitia hayo, na mwezi wa nne ukiingia wameshasahau. Hali yako si hiyo. Mjamzito aliyepoteza zaidi ya asilimia 5 ya uzito wake kwa kutapika tunamhesabu kuwa ana ugonjwa wenye jina lake, hiperemesisi ya ujauzito. Kwa mtu wa kilo 61, asilimia 5 ni kilo tatu na kidogo. Wewe umepoteza mara mbili ya hizo.

Nimekuwa mkunga hapa Mombasa zaidi ya miaka ishirini na tano, na maneno “mimba si maradhi” nimeyasikia kwenye kila wodi niliyofanya kazi. Yanasemwa na mama wazazi, na waume, na, nasikitika kusema, yanasemwa na wauguzi wenzangu. Yalikuwa na nia njema: mwanamke asiogope, asijione kiwete. Lakini yamegeuka kawa ya kumfunikia mgonjwa. Mimba si maradhi, ndiyo. Na safari si ajali. Lakini aliyevunjika mguu safarini hatumwambii ainuke atembee kwa kuwa wenzake wamefika salama.

Tena ugonjwa huu una chanzo kinachojulikana, na ningependa mavyaa wako asikie jambo hili. Mwisho wa mwaka 2023 watafiti, akiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, walionyesha kwamba kichocheo kikuu ni homoni iitwayo GDF15. Mtoto na kondo lake huimwaga kwa wingi kwenye damu ya mama, nayo hugonga sehemu ya ubongo inayoamrisha kutapika. Mwanamke ambaye kabla ya mimba alikuwa na homoni hiyo kidogo mwilini hupigwa nayo vibaya zaidi, kama mtu asiyezoea pilipili aliyelishwa bakuli zima. Mavyaa wako huenda mwili wake ulikuwa umeizoea. Wako haukuizoea. Hapo hakuna ushujaa wala uvivu. Fejzo mwenyewe alipoteza mimba kwa ugonjwa huu mwaka 1999, ndipo akautafuta hadi akaupata.

Sasa tuzungumzie dripu. Umeshangaa kwa nini umelazwa mara mbili na hali imerudi. Mwanangu, dripu inarudisha maji na chumvi zilizopotea. Haizuii kutapika. Ukitolewa wodini bila dawa ya kuzuia kutapika unayoimeza kwa saa, ni kama kujaza ndoo iliyotoboka na kuiacha na tundu lake. Katika barua yako hukutaja dawa hata moja, na hilo ndilo lililonifanya niandike jibu refu hivi.

Dawa zipo, na zimetumiwa na wajawazito kwa miaka mingi. Mara nyingi huanzwa na vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku, peke yake au pamoja na doksilamini. Isipotosha, ipo promethazini, ambayo inaleta usingizi, na kwa mtu asiyelala kama wewe usingizi si hasara. Ipo metoklopramidi, ambayo kwa wasichana na wanawake vijana mara chache hukaza shingo au taya, au kumfanya mtu asitulie. Ikitokea, iache urudi hospitali, kuna dawa ya kuiondoa. Ipo ondansetroni, yenye nguvu, ambayo hufunga choo. Huenda ukasikia kwamba inadhuru mtoto. Kilichoonekana ni ongezeko dogo la mdomo sungura na kaakaa lililopasuka, kama watoto 3 zaidi kwa kila 10,000, inapotumiwa ndani ya wiki 12 za mwanzo, wakati mdomo na kaakaa vinajifunga. Wewe umeshavuka hapo.

Usiende duka la dawa ukajinunulia. Nenda kwa daktari ukamuulize wazi: “Nipewe dawa gani ya kuzuia kutapika, niinywe saa ngapi, na isipofaa tunahamia ipi?” Dawa hizi hunywewa kwa saa, umetapika au hujatapika. Anayesubiri mpaka tumbo lichafuke ndipo ameze, huitapika na kidonge chake. Zipo pia za sindano na za kuweka njia ya nyuma, kwa siku ambazo kinywa kimegoma kabisa.

Na kitu kimoja kidogo ambacho husahauliwa: thiamini, yaani vitamini B1. Mtu aliyetapika wiki nane akiba yake ya vitamini hiyo imekwisha, na akitiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa thiamini, ubongo unaweza kudhurika. Ukilazwa tena, uliza, “Nimepewa thiamini?” Hukosei adabu. Muuguzi mzuri atafurahi kuulizwa. Na ukiona vitu viwili-viwili, ukitembea unayumba kama uko melini, au watu wakikwambia unaongea maneno yasiyoeleweka, hiyo ni dharura ya usiku huo huo.

Muulize daktari pia kama umepigwa picha ya tumbo. Mapacha huzidisha kutapika, na kuna mimba zisizo na mtoto, za zabibu, ambazo lazima zitolewe. Mkojo upimwe, maana maambukizi ya njia ya mkojo yanaweza kujificha nyuma ya kutapika. Hapa kwetu Pwani, ukipata homa, pima malaria siku hiyo hiyo; usiseme ni uchovu. Dawa ya kinga ya malaria inayotolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, ukiitapika ndani ya nusu saa, mwambie muuguzi, usirudi nyumbani ukadhani umeshakingwa. Vidonge vya chuma navyo vinachafua tumbo vibaya. Uliza kama unaweza kuviweka kando wiki chache huku ukiendelea na asidi ya foliki, uvirudie tumbo likitulia. Nimeona wanawake wakitapika vidonge vya chuma kila asubuhi kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba wanaruhusiwa kuuliza.

Usikae nyumbani ikiwa saa 24 zimepita na hakuna kilichokaa tumboni, ikiwa hujakojoa kwa saa nane au mkojo ni wa rangi ya chai ya rangi, ukisimama unaona giza, au ukitapika damu. Na mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye shavu la mguu, hasa baada ya siku nyingi za kulala, nenda. Mwili uliokauka na usiosogea hugandisha damu kwenye mishipa. Kitandani, kunja na kunjua vifundo vya miguu kila ukikumbuka. Likoni mna hospitali upande wenu. Usingoje kivuko usiku kwa kuwa daktari unayemzoea yuko kisiwani. Mwanzo utibiwe hapo karibu, wakiona haja watakupeleka Coast General wenyewe.

Chakula. Utaambiwa tangawizi na watu mia. Tangawizi humsaidia mwenye kichefuchefu kidogo. Wewe, tumbo lako limechubuka kwa nyongo, huenda ikakuunguza tu. Usijilazimishe. Kwa wakati huu sahau mlo kamili, sahau mboga za majani, sahau “unakula kwa ajili ya wawili”. Chakula bora ni kile kinachokaa. Nilikuwa na mama mmoja wa Kisauni aliyeishi wiki tatu kwa muhogo wa kuchemsha uliopoa na barafu za ukwaju, na nilimwambia endelea. Vitu baridi havina harufu kali kama vya moto. Jaribu kiazi kilichochemshwa na chumvi kidogo, wali mkavu uliolala kwenye friji, tosti, embe mbichi kwa chumvi. Dafu ni zuri, lina madini ya potasiamu ambayo mtu anayetapika huyapoteza, ila lina chumvi ya kawaida kidogo; basi usilitegemee peke yake. Changanya maji ya ORS, na kama pakiti hakuna, lita moja ya maji safi, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyofutwa juu. Yagandishe kwenye vifuko kama barafu za watoto, uyanyonye.

Kunywa, mwanangu, ni kazi ya kijiko. Glasi nzima itarudi. Chukua kijiko cha mezani kimoja kila dakika tano. Kinaonekana si kitu, lakini ni mililita 15, na saa ina vijiko kumi na viwili. Kwa saa kumi umefikisha lita 1.8. Hasa sasa kama joto la kaskazi limewashukia na nyumba haipitishi hewa, kijiko hicho kisikuache. Ukitapika, sukutua kwa maji yenye magadi kidogo ya kupikia, ungoje nusu saa kabla ya kupiga mswaki, ili asidi isile meno.

Harufu ni adui wako mkubwa kuliko chakula chenyewe. Udi na ubani ndani ya nyumba, samaki wa kukaangwa, marashi ya mtu aliyekukumbatia. Sema wazi, bila kuona haya, kwamba kwa miezi hii nyumba isifukizwe. Na kama sauti au harufu ya mume inakuchukiza hata kwenye simu, usidhani ndoa imekwisha. Wazee wetu walisema mimba imemkataa mume, na hawakukosea sana: ni ubongo ule ule uliopigwa. Itapita.

Kuhusu kazi. Feri ya asubuhi, watu wamebanana, dizeli, jasho, na bahari inakuyumbisha. Hata mzima huchafukwa. Sioni sababu ya wewe kuipitia kila siku ukiwa na kilo 55. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi aliyekwishafanya kazi miezi miwili mfululizo angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na saba nyingine kwa nusu mshahara, akileta cheti cha daktari, na mikataba mingi hutoa zaidi ya hapo. Likizo ya uzazi, miezi mitatu kwa mshahara kamili, ni haki tofauti. Wasikukate huku kwa kukuambia umeitumia kule. Na sheria hiyo inasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Mwombe daktari aandike barua yenye jina la ugonjwa, isiwe tu “anahitaji mapumziko”. Kisha omba uingie saa nne badala ya saa mbili, au kazi za karatasi uzifanyie nyumbani wiki chache. Mwajiri husikia karatasi haraka kuliko machozi.

Nimefika sasa kwenye usiku.

Umeandika kwamba siku nyingine unawaza bora mimba itoke, na baada ya sentensi hiyo ukaandika habari ya adhabu. Nataka ujue ni wanawake wangapi wameninong'oneza maneno hayo hayo nyuma ya pazia la wodi, wengine wakiwa na tasbihi mkononi, wengine wameitafuta mimba kwa miaka kumi. Huwa nawauliza swali moja: “Ukiambiwa kutapika kutakoma leo saa hii na mtoto atabaki, utakubali?” Sijapata aliyechelewa kujibu. Wanalia, wanasema ndiyo. Unachotamani kitoke ni mateso. Mtoto yumo ndani ya mateso hayo, kwa hiyo akili iliyochoka inavichukua pamoja. Mtu unaweza kumpenda mtoto na kuichukia hali iliyomleta, siku moja, saa moja. Hukukufuru. Umechoka kuliko mwili unavyoweza kubeba.

Hata hivyo nisikufariji mpaka nikakuficha jambo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi kama zetu karibu asilimia 16 ya wajawazito hupata matatizo ya afya ya akili, na wagonjwa wa kutapika wako hatarini zaidi. Jipime hivi. Siku ambayo kutapika kumepungua, hata nusu siku, je, furaha inarudi kidogo? Unatabasamu ukiona meseji ya mumeo, unatamani kitu, unapanga jina? Kama ndiyo, basi ni uchovu na huzuni ya ugonjwa, na ugonjwa ukitibiwa vitapungua. Lakini kama tumbo limetulia na moyo bado ni mzito vile vile wiki mbili mfululizo, huna hamu na chochote, hulali hata ukiwa na nafasi, unajiona huna thamani, huo ni unyong'onyevu wa moyo unaohitaji matibabu yake. Ushauri wa kukaa na mtu aliyesomea kazi hiyo husaidia sana, na zipo dawa ambazo daktari anaweza kumpa mjamzito. Mwambie muuguzi wa kliniki kwa maneno yako haya haya ya usiku. Na ikija fikra ya kujidhuru au ya kutotaka kuishi, usilale nayo peke yako: muamshe mtu ndani ya nyumba, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, au nenda hospitali iliyo karibu. Hiyo ni dharura sawa na kutoka damu.

Usijilazimishe kuongea na tumbo wala kununua nguo za mtoto ili uthibitishe mapenzi. Wapo wanaowapenda watoto wao kuanzia kile kipimo cha mkojo, na wapo wanaowapenda wiki ya sita baada ya kuzaa, wakiisha kulala. Watoto wa pande zote mbili nimewaona wakikua.

Umeuliza kama mtoto yuko salama. Wiki ya 14 ana urefu wa kama sentimita 8 au 9, na mahitaji yake bado ni madogo; anachukua kwenye akiba yako, ndiyo maana unakonda wewe. Watoto wengi wa akina mama wenye ugonjwa huu huzaliwa wazima. Hatari inakuja pale mama anapoachwa bila matibabu na asiongeze uzito katika miezi ya baadaye: hapo mtoto anaweza kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati. Ndiyo sababu ninasisitiza dawa. Kwa wengi kutapika hupungua kufikia wiki ya 20. Wachache huendelea hadi mwisho, nisikudanganye, lakini hata wao wakipata dawa inayowafaa huweza kula na kulala.

Kuhusu dini, niseme kwa kifupi kwa kuwa mimi si sheikh. Mjamzito anayeogopea nafsi yake au mtoto ana ruhusa ya kutofunga, na jinsi ya kulipa atamuuliza mwenye elimu. Asiyeweza kusimama huswali kwa kukaa au kulala. Usingoje kuzimia ndipo utumie ruhusa uliyopewa. Wakikuletea kombe, yale maji yaliyooshewa maandishi ya Kurani, kunywa kama tumbo litalipokea, na dawa ya hospitali iendelee pale pale. Nisilolikubali ni kukandwa tumbo kwa nguvu na kunywa mizizi usiyoijua. Hayo yakatae, hata anayekuletea akiwa ni mtu unayempenda.

Sasa mavyaa. Simwoni kuwa mtu mbaya. Mwanamke aliyebeba mimba saba akiteka maji huenda hakuna aliyemuuliza hata mara moja kama amechoka, na akikuona umelala anaona kitu ambacho yeye hakuruhusiwa. Au anaogopa. Mwanawe yuko mbali, mjukuu aliyengojewa miaka minne yuko kwenye tumbo linalopungua, na asipojua la kufanya anasema alichosikia kwa wakubwa wake. Usibishane naye. Mwombe akusindikize kliniki: “Mama, nishike mkono, siwezi kwenda peke yangu.” Ukifika, mwambie muuguzi akupime mbele yake na amsomee kilo zako za miezi mitatu kwenye kitabu chako. Mtu hubishana na maneno ya mkaza mwana, habishani na mizani. Wengi nimewaona wakitoka chumba kile wakiwa wamebeba mkoba wa mgonjwa.

Mumeo naye apewe kazi, maana mume aliye mbali asiye na kazi hubaki kusema “vumilia” tu. Kazi ya kwanza ni yake pekee: ampigie mama yake, amwambie kwamba daktari amesema huu ni ugonjwa na kwamba anamwomba akuangalie kama angemwangalia yeye. Maneno hayo yakitoka kwako ni malalamiko, yakitoka kwake ni wasia. Kazi ya pili, atume nauli ya tuktuk na hela za dawa kabla hujaomba. Ya tatu, awe yeye wa kukukumbusha saa za dawa kwa simu. Na kama una somo yako, au dada, au rafiki wa shule, mtafute mmoja wa kuja mara mbili kwa wiki kukaa tu, bila kuleta chakula chenye harufu na bila kukushauri.

Lipo jambo moja hukuliuliza, nami siwezi kufunga barua bila kulisema. Miaka yangu ya mwanzo ya kazi, alinijia mama wa miezi minane, analalamika kichwa kinamgonga na macho yanaona vimulimuli. Wodi ilikuwa imejaa. Nilimwambia ni joto, akapumzike, mimba si maradhi. Ndiyo, mimi. Hatukumpima presha mpaka jioni, na usiku alishikwa na kifafa cha mimba. Yeye tulimpata, mtoto hatukumpata. Tangu hapo hakuna mjamzito aliyeniambia kichwa nikampita bila kumfunga kile kitambaa cha kupimia presha mkononi.

Kwa hiyo, kuanzia wiki ya 20, ukiumwa na kichwa kisichosikia dawa, ukiona vimulimuli, ukipata maumivu chini ya mbavu za kulia, au uso na mikono ikavimba ghafla, nenda ukapimwe presha na mkojo siku hiyo. Presha ikifika 140 kwa 90 haipuuzwi. Kutapika kukirudi kwa ghafla miezi ya mwisho baada ya kuwa kumepoa, vilevile. Usidhani ni ule ugonjwa wa mwanzo. Na mtoto akishaanza kucheza, ukimwona amepunguza, usingoje kesho. Ukiambiwa ni kawaida kabla hujapimwa, kaa pale pale kwenye benchi useme, “Nipime kwanza.”

Kesho asubuhi nenda kliniki na mavyaa. Chukua kitabu chako, na karatasi yenye mambo matatu: kilo zako, umetapika mara ngapi tangu jana, na mara ya mwisho ulikojoa saa ngapi. Kwanza omba dawa ya kunywa kwa saa. Kisha niandikie baada ya siku saba uniambie mizani imesema nini. Ikiwa imeshuka chini ya 55, usiandike, rudi hospitali ulazwe.